Kughairi, Kutangua, Kuvunja na Kufuta: Maneno ya Ununuzi wa Majina ya Kikoa

Mtu aingiaye katika maduka ya Manundu mjini Korogwe, au ya Chanika mjini Handeni, aghalabu hukuta ukutani tangazo fupi lisemalo, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tangazo hilo si la mkoa wa Tanga peke yake, limeenea nchini kote, wala hakuna ahitajiye kufafanuliwa. Mali ni ile sufuria au lile jembe lililokuwa rafuni. Kuuzwa ni kutoka rafuni na kuingia mkononi mwa mnunuzi. Kurudishwa ni safari hiyo hiyo kwa kinyume chake. Walakini siku hizi mkazi wa Handeni aweza kukaa barazani kwake, simu mkononi, akanunua kitu ambacho hakikukaa rafuni kamwe na ambacho hakitaingia mkononi mwake kamwe, nacho ni jina la kikoa. Akikosea, au akidanganywa, au akibadili nia, haki alizonazo zimeandikwa katika masharti ambayo mara nyingi yametungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa kwa haraka. Na katika tafsiri za namna hiyo neno moja tu, "kufuta", hubebeshwa mzigo wa maneno manne. Makala haya yanakusudia kuugawa mzigo huo.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe. Jina la kikoa ni lile jina aliandikalo mtu ili aifikie tovuti, au lile lifuatalo baada ya alama katika anwani ya barua pepe. Mashine hutambuana kwa tarakimu. Jina limewekwa kwa ajili yetu wanadamu, tusioweza kukumbuka tarakimu nyingi. Kikoa cha nchi yetu ni .tz, na chini yake kuna vikoa vidogo: co.tz kwa wafanyabiashara, or.tz kwa mashirika yasiyo ya biashara, ac.tz kwa vyuo, sc.tz kwa shule, go.tz kwa serikali. Rajisi yake, yaani daftari kuu pamoja na ofisi ilitunzayo, ilianzishwa mwaka 2006 kwa jina la tzNIC, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa miongoni mwa waasisi. Majina ya .com na mengineyo ya namna hiyo hufuata kanuni za shirika la ICANN, lililoundwa Marekani mwaka 1998. Kwa kawaida mnunuzi haendi kwenye rajisi yenyewe. Huenda kwa wakala aliyeidhinishwa, naye wakala ndiye aandikishaye jina katika rajisi. Basi wahusika ni watatu, si wawili kama dukani, na jambo hili tutalirudia.

Neno "kikoa" halikuzuliwa kwa ajili ya kompyuta. Wazee wa pwani walijua kula kikoa, yaani watu kadhaa kula pamoja huku kila mmoja akipata zamu yake ya kutoa chakula. Waliolichukua neno hilo na kulipa kazi mpya walibahatika, maana mfumo wa majina nao huendeshwa kwa ushirika: hakuna mashine moja iliyo na majina yote duniani, bali kila kikoa hutunza orodha yake na kuwajibu wengine kiulizwapo. Na kwa kuwa sheria zetu humwita mnunuzi wa mwisho "mlaji", hatutakosea sana tukisema kwamba mlaji huyo amekwisha kupata kikoa chake.

Tatizo la kwanza limo katika neno "kununua". Hakuna mtu anunuaye jina la kikoa kama anunuavyo jembe. Analolipia ni haki ya kulitumia jina kwa muda fulani, mwaka 1 au zaidi, na kwa majina yaliyo chini ya kanuni za ICANN muda huo hauwezi kuzidi miaka 10 kwa mara moja. Muda ukiisha na ada isipolipwa, jina humtoka. Watu wa Korogwe hawahitaji kwenda mbali kupata mfano wa jambo hilo. Tangu reli ilipofika huko kutoka Tanga mwaka 1902, mashamba makubwa ya mkonge yamekuwa sehemu ya maisha yao, na kila mtu hujua kwamba mwenye shamba, hata akiitwa tajiri, hana ardhi, ana hati. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, huku mwenye hati akilipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Hata hivyo watu husema "nimenunua kiwanja", wala hawaelewani vibaya, kwa sababu maana ya kununua kiwanja imekwisha kukaa katika vichwa vyao kwa miaka mingi. Maana ya kununua jina bado haijakaa. Kwa hiyo hatuwakatazi wafasiri neno "kununua" katika matangazo na mazungumzo, lakini katika masharti ya mkataba twapendekeza "kusajili jina kwa muda wa", kisha miaka itajwe.

Jambo hili si la maneno matupu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, humpa mnunuzi kinga nzuri: bidhaa lazima ilingane na maelezo yake, na katika hali fulani lazima ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Lakini bidhaa katika sheria ya namna hiyo ni vitu vya kuhamishika, na haki za kudai hazimo. Mwenye jina la kikoa ana haki ya kudai, hana kitu cha kuhamishika. Akienda mbele ya hakimu na kusema "nilinunua bidhaa", mwenzake ataweza kumjibu kwamba hakununua bidhaa, na ubishi utaanzia hapo kabla ya kufika kwenye kosa lenyewe. Akisema "nililipia huduma ya usajili", atakuwa amesimama mahali pagumu zaidi kumwondoa, kwani Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo hukataza kumpotosha mlaji, hushughulika na bidhaa na huduma pia.

Sasa tuje kwenye "kufuta". Tutumie mfano wa kubuni. Tuseme kikundi cha wafuga nyuki wa Handeni kimeamua kuuza asali yake kwa njia ya intaneti. Katibu wa kikundi anaagiza jina lenye neno "Handeni", lakini kwa haraka anaandika "Hadeni". Herufi moja imeanguka. Yanaweza kutokea mambo kadhaa tofauti, na Kiingereza, kwa neno lake "cancel", huyaweka yote katika kapu moja. Kiswahili hakina sababu ya kufanya hivyo.

Katibu akigundua kosa kabla hajalipa na kuithibitisha oda, hajaingia bado katika mkataba. Anachofanya ni kughairi. Kughairi ni kubadili nia, na neno lenyewe halina deni wala lawama ndani yake. Aliyeghairi hakuvunja kitu. Kitufe cha skrini kimwondoacho mtu katika ukurasa wa malipo kiandikwe "Ghairi". Tumeshauriwa mara nyingine kwamba "Futa oda" ni wazi zaidi, na wengine hupendelea "Futa agizo". Hilo la pili twalikataa kabisa. Mtumishi wa halmashauri asomapo "agizo" hufikiria agizo la Mkuu wa Wilaya, na kulifuta si kazi ya mnunuzi wa asali.

Tuseme sasa kwamba amelipa, jina lenye kosa limeandikwa katika rajisi, na kesho yake mwenyekiti analiona. Hapo mkataba umekamilika. Kikundi kikitaka kurudi nyuma, ni lazima mambo mawili yatenguke pamoja: fedha zirudi kwa kikundi, na jina litoke katika daftari. Kwa tendo hili twapendekeza "kutangua". Neno hilo tunalo tangu zamani; ndoa hutanguliwa na hukumu hutanguliwa, na kila mara maana yake ni kwamba kilichofungwa kimefunguliwa na watu wamerudishwa walipokuwa. Umuhimu wa kusisitiza mambo mawili utaonekana na kila aliyewahi kutumia fedha za simu. Tangu huduma hizo zilipoanza nchini mwaka 2008, wananchi wamezoea habari ya kurudisha muamala uliokosewa. Lakini muamala kurudishwa si ununuzi kutanguliwa. Fedha zaweza kurudi na jina likabaki katika daftari kwa jina la kikundi, pamoja na wajibu wake wote. Au jina laweza kuondolewa na fedha zisirudi. Tafsiri isemayo tu "ununuzi umefutwa" haimwambii msomaji ni lipi kati ya hayo limetokea.

Je, kikundi kina haki ya kutangua kwa sababu tu ya kosa lake chenyewe? Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Katika kanuni za majina ya .com na mengine mengi kuna siku 5 za mwanzo ambazo wakala aweza kuliondoa jina na kurudishiwa ada yake na rajisi. Siku hizo ziliwekwa ili kusahihisha makosa kama hili la "Hadeni". Miaka ya katikati ya 2000 ziligeuzwa kuwa mchezo: wafanyabiashara walisajili majina kwa mamilioni, wakayajaribu kwa siku 5 kuona ni yapi yaletayo wasomaji na fedha za matangazo, kisha wakayarudisha yaliyobaki bila kulipa hata senti. Mwaka 2008 ICANN iliamua kuyabana hayo. Tangu hapo wakala aondoaye majina mengi kuliko majina 50, au kuliko asilimia 10 ya majina mapya ya mwezi wake, yoyote iliyo kubwa, harudishiwi ada ya ziada, na mchezo ukafifia.

Lakini zingatia, ndugu mfasiri, kwamba siku hizo 5 ni baina ya wakala na rajisi. Mnunuzi hamo. Anazipata tu ikiwa masharti ya wakala yamempa, na wako mawakala wanaompa na wasiompa. Mfasiri akiandika "siku 5 za neema", kwa kufuata umbo la Kiingereza, msomaji wa Handeni atadhani neema hiyo ni yake, ataketi hadi siku ya nne, kisha ataambiwa kwamba hana haki. Sisi twaonelea uandikwe "muda wa kusahihisha usajili", na mara moja baada yake itajwe wazi ni nani awezaye kuutumia.

Ni jambo tofauti kabisa mnunuzi mwenyewe akipewa na sheria muda wa kufikiri upya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yaliwapa wanunuzi wa mbali siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu. Yaliacha nje vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi mwenyewe, na huduma iliyokwisha kutekelezwa yote kwa ridhaa yake, na wauzaji wa majina hupenda kujikinga humo: jina, wasema, ni kama suti iliyoshonwa, fundi hawezi kumuuzia mtu mwingine. Hoja hiyo ina nguvu kwa jina lenye kosa la herufi; ina nguvu kidogo sana kwa jina zuri ambalo kesho lingenunuliwa na mwingine. Kwa Afrika Mashariki, Kenya ilitunga Sheria ya Kumlinda Mtumiaji mwaka 2012, nayo yagusa mikataba ya intaneti. Nchini mwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 huutambua mkataba uliofanywa kwa njia hiyo na ina vifungu vya kumlinda mlaji.

Muda huo wa kufikiri upya tumeona ukiitwa "kipindi cha kupoa". Uji hupoa, na mgonjwa hupoa, mnunuzi hapoi. Nasi hatuna haja ya kuazima, kwa sababu wazo hili si geni kwetu. Wanazuoni wa fikihi ya Kishafii, iliyoenea katika pwani yetu, wametofautisha tangu kale hiari za wauzianao: hiari ya kikao, maadamu wawili hao hawajaachana, hiari ya sharti, isiyozidi siku 3, na hiari ya kasoro, mnunuzi agunduapo aibu iliyokuwamo katika mali kabla hajaipokea. Hatusemi kwamba sheria ya intaneti ifuate fikihi. Twasema neno lipo, limefanya kazi hiyo hiyo kwa karne nyingi, na hata asiyejua fikihi hulifahamu kutokana na methali, "Hiari yashinda utumwa." Muda wa siku 14 uitwe "muda wa hiari", na haki yenyewe "hiari ya mnunuzi". Atumiaye haki hiyo anatangua ununuzi kwa hiari.

Turudi Handeni. Tuseme katibu hakukosea herufi hata moja, wakala akapokea fedha, lakini hakuliandikisha jina. Juma lililofuata mtu mwingine akalisajili. Hapa kikundi hakighairi wala hakitumii hiari. Wakala amevunja mkataba, na kikundi chaweza kudai fedha zake pamoja na fidia. Neno ni "kuvunja", na mvunjaji atajwe. Tafsiri nyingi huandika "mkataba utakuwa umefutwa", kana kwamba umefutika wenyewe, na kosa la wakala likapotea ndani ya sarufi. Iwapo wakala alidanganya tangu mwanzo, mathalan alisema jina ni huru hali anajua limekwisha kuchukuliwa, mkataba ni wa kubatilika: aliyedanganywa ndiye achaguaye kuubatilisha au kuuacha usimame. Usiitwe "batili", kwani mkataba batili haukuwapo tangu awali, na hapo mnunuzi atakuwa amenyang'anywa uchaguzi wake kwa kosa la kiambishi.

Limebaki "kufuta" lenyewe, na mahali pake papo. Rajisi ikigundua kwamba jina limesajiliwa kwa maelezo ya uongo, au kinyume cha kanuni, yaweza kulifuta. Hilo ni tendo la mwenye daftari, kutoka juu, na sikio la mwananchi limekwisha kulizoea hivyo: wakazi wa Korogwe na Muheza wamesikia zaidi ya mara moja kwamba hati za mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa zimefutwa. Afutaye ni mamlaka, na afutiwaye amekiuka masharti. Ndiyo maana si haki kumwandikia mnunuzi aliyetumia hiari yake kwamba "ununuzi wako umefutwa". Yeye hakukosa kitu.

Neno la fedha nalo lataka uangalifu. Wafasiri wengi wameandika "marejesho" kwa fedha zirudishwazo kwa mnunuzi, na kwa maana ya kamusi hawajakosea. Lakini vijijini, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, marejesho ni fedha ambazo mkopaji hupeleka kila juma. Mama aliyezoea vikundi hivyo asomapo "marejesho yatafanyika ndani ya siku 30" ataelewa kwamba yeye ndiye adaiwaye. Iandikwe "utarudishiwa fedha zako", kwa kitenzi na kwa nafsi, na kama kuna ada itakayokatwa itajwe papo hapo. Fidia ni jambo jingine tena. Hiyo hulipwa kwa ajili ya hasara, si kwa ajili ya bei.

Majina yaliyopitwa na muda yametupatia kazi rahisi kuliko zote. Kwa .com na yafananayo, jina lisilolipiwa likiondolewa na wakala hukaa siku 30 ambamo mwenyewe aweza kulipata tena kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho ambamo hakuna awezaye kuligusa, ndipo huachiliwa kwa yeyote. Kwa zile siku 30 twasema "kukomboa jina", kama mtu akomboavyo rehani. Kulipa kabla muda haujaisha ni "kuhuisha". Wauzaji wanaochanganya haya mawili katika orodha ya bei wamewatoza watu ada ya ukombozi huku wakiiita ya kuhuisha.

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, tofauti hizi zimetoka katika meza za wafasiri na kuingia katika meza za mahakama. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, lakini hati zilizoletwa mbele yake zilikuwa za ng'ombe, mashamba na mirathi, na maneno ya mambo hayo yalikwisha kukomaa. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani humfungua kinywa akahesabu meno, na hakimu hujua maana yake. Mnunuzi wa jina hana meno ya kuhesabu. Ana masharti tu, na hakimu atayasoma kama yalivyoandikwa. Walimu wa tafsiri wangefanya vema kuwapa wanafunzi masharti ya namna hii badala ya hotuba peke yake.

Mwisho ni habari ya wale wahusika watatu. Wakala ameitwa "msajili" katika fomu kadhaa. Kwa masikio ya Kitanzania msajili ni ofisa wa serikali, kama Msajili wa Vyama vya Ushirika au Msajili wa Hazina, na mfanyabiashara aitwaye hivyo hupata heshima ya ofisi asiyokuwa nayo. Mteja huogopa kumdai. Wapo pia wadhaniao kwamba aliyekwisha kusajili jina la biashara BRELA amesajili na la kikoa, hali hizo ni daftari mbili zisizojuana. Twapendekeza "wakala wa usajili" kwa muuzaji, "rajisi" kwa daftari kuu na ofisi yake, na "mwenye jina" kwa mnunuzi. Neno "msajiliwa", lipendwalo na baadhi ya wafasiri, tunaliacha kwa sasa, kwa kuwa msomaji hawezi kujua mara moja kama ni mtu aliyesajiliwa au ni jina. Na fomu isemayo "msajiliwa atafutwa baada ya siku 30" haifai kupelekwa kwa wafuga nyuki wa Handeni.